Nilimpima Mume Wangu Usingizini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako haraka, maana mume wangu amekimbia nyumbani akiamini nataka kumzika, na kosa ni langu.

Mimi ni Nthambi, mkulima hapa Msambweni, na mume wangu Muasya ni mwalimu, mtu mrefu anayeinama kila mlangoni, na tangu mvua za El Nino zilipoharibu barabara anatembea saa nzima kwenda shule kwa sababu kila baiskeli anayopanda magoti yanagonga usukani na wanafunzi wanamcheka, naye anacheka nao, lakini mimi ndiye ninayeiona miguu yake akivua viatu, basi nikaamua tukitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa mwezi ujao nimpe baiskeli ya kimo chake. Nikaenda Ukunda kwa fundi Nzai, anayechomelea mageti lakini moyo wake uko kwenye fremu za baiskeli, akaniambia, "Mama, mimi sikati chuma kwa kukisia. Niletee urefu wa mguu, wa kiwiliwili na wa mkono."

Jumapili baada ya kanisa Muasya akalala mkekani, nikachukua uzi, nikapima mguu nikafunga fundo, nikapima kiwiliwili nikafunga fundo, nafikia mkono, akafumbua macho.

"Nthambi, unanipima jeneza?"

Mshauri, badala ya kujibu nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akazidi kuogopa, na kwa kuwa shule zimefungwa akaenda kwa dada yake Kamene kule Gazi, na muhogo wa nazi niliompelekea amewapa kuku. Nzai ameshaunganisha mabomba mawili, anangoja kipimo cha mkono. Je, niseme niiharibu zawadi, au ninyamaze mpaka baiskeli ikamilike?

Nthambi, Msambweni

Dada Nthambi,

Nimecheka nawe, sasa nikukaripie. Mwenzio anahesabu siku zake za kuishi, wewe unahofia zawadi kujulikana mapema! Na huo mkono utaupimaje, naye yuko Gazi amekutolea macho?

Usitume mtu. Nenda mwenyewe asubuhi, waamkie wenyeji, ukae chini. Kwanza mwombe radhi kwa kile kicheko, maana ndicho kilichomuumiza, kisha umwambie yote. Halafu mchukue mpaka Ukunda akaione fremu kwa macho yake.

Nawe Mwalimu Muasya, ukisoma haya: mke wa miaka ishirini na mitano huulizwa mara ya pili kabla ya kukimbiwa. Na kuku wa Kamene hawakustahili muhogo ule.

Jibu hili nililituma kwa posta kabla ya kulichapisha hapa, kwa kuwa jambo lilikuwa la haraka, na habari zimenirudia. Muasya alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akavaa viatu, akasema, "Twende." Karakanani Nzai aliinua fremu, bado haijapakwa rangi, akaisimamisha kando ya Muasya. Kwa mara ya kwanza maishani, bomba la juu la baiskeli lilimfika mahali panapofaa. Alilipapasa lote, taratibu, kisha akaunyoosha mkono mwenyewe upimwe.

"Na keria ya nyuma, fundi," akasema, "itie chuma kinene. Mke wangu atakaa wapi?"

Bi Maimuna