Jitu Nalo Limefunga

Jumapili, 5 Mei

Mazoezi ya mchezo wa hekalu yameanza. Mimi ni jitu. Tena!

Mzee Subbaraman, kiongozi wa mchezo wetu, alisoma majina pale kwenye baraza la hekalu kana kwamba kuna asiyeyajua. Hiranya, mfalme wa majitu, adui wa Mungu — Seshadri, yaani mimi. Bwana Narasimha, Mungu Vishnu aliyeshuka nusu mtu nusu simba — Natesan. Kwenye jina la pili watu walishangilia. Kwenye la kwanza mtu mmoja alikohoa.

Si kwamba nalalamika. (Nalalamika.) Naimba karibu usiku kucha. Naitukana mbingu, namtupa mwanangu motoni kwa sababu anampenda Vishnu kuliko mimi, sauti inakauka. Natesan amekaa tu nyuma ya pazia, anapepewa. Mwisho kabisa namuuliza mwanangu: huyo Mungu wako yumo hata kwenye nguzo hii? Naipiga nguzo. Inapasuka. Natesan anatoka na kinyago, ananguruma mara mbili — na kijiji kizima kinalala kifudifudi. Mara mbili! Mimi nikinguruma nyumbani, mke wangu Alamelu anadhani redio imeharibika.

Na Natesan ni mdogo wangu. Mtoto wa baba mdogo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuogelea mferejini.

Jumanne, 7 Mei

Dukani, mjini Kumbakonam. Mteja mgeni kaja kununua kahawa, kanikodolea macho, halafu uso ukamchangamka.

"Wewe si ndugu yake Narasimha?"

Nikamwambia ndiyo. Nikampunja kidogo. Halafu nikaona haya, nikamwongezea kupita kiasi. Wivu una hasara pande zote.

Ijumaa, 10 Mei

Lazima niandike haraka kabla sijapoa.

Leo tulifanya zoezi la nguzo. Bila kinyago, maana hicho hakitoki kwenye chumba chake hekaluni mpaka siku yenyewe. Mwaka mzima kinafukiziwa na kuombwa kama Bwana mwenyewe. Natesan akatoka nyuma ya pazia — akasimama. Anatetemeka. Jasho linamchuruzika kama mtu aliyenyeshewa. Macho hayapo. Akanitazama, akaniita kwa jina la marehemu baba yangu!

Bibi mmoja akapiga yowe: "Ameshuka! Bwana ameshuka mapema mwaka huu!"

Basi. Kafuri ya ibada ikawashwa, watu chini. Mzee Subbaraman akanivuta bega: "Jitu, nawe! Inama!" Nikainama na goti langu bovu. Rukku peke yake, mke wa Natesan, hakuinama. Alimkimbilia mumewe, akamsukumia kipande cha sukari guru mdomoni, akambana taya mpaka akameza. Watu wakaona ni sadaka — wakapanga foleni kugawana kipande kilichobaki! Hata Alamelu alilamba. Alamelu wangu!

Baada ya muda kidogo Natesan akarudi kawaida, akaomba maji. Alikuwa anatabasamu kwa aibu, kama bwana harusi.

Miaka ishirini nacheza jitu. Hakuna aliyewahi kulamba makombo yangu.

Jumatatu, 13 Mei

Nilimlalamikia Mzee Subbaraman. Kwa utani, nilidhani. Yeye alikuwa jitu kabla yangu, nikafikiri atanielewa.

"Unajua Hiranya alikuwa nani kabla hajazaliwa jitu?" akaniuliza.

"Najua. Bawabu wa Vishnu."

"Bawabu. Akalaaniwa kwa kuwafukuza watakatifu mlangoni, akaambiwa atashuka duniani. Akapewa achague: maisha saba akiwa rafiki wa Bwana, au matatu akiwa adui. Akachagua matatu."

"Ili arudi nyumbani upesi."

"Alikubali achukiwe, Seshu. Kwa mapenzi! Na jingine: rafiki wa Mungu husinzia kwenye maombi. Adui hasinzii. Anamuwaza Bwana mchana na usiku."

Nikasema hata hivyo mabawabu hawainamiwi. Akacheka mpaka meno ya bandia yakateleza.

Lakini nimekaa nikawaza. Mimi mchana na usiku namuwaza nani? Natesan.

Jumatano, 15 Mei

Mvaa kinyago anaanza kufunga leo jioni. Maji tu, mpaka kinyago kivuliwe alfajiri ya Jumamosi. Bwana hashukii mwili uliokula. Aliyetia hata punje mdomoni hakigusi.

Jitu haliambiwi lifunge. Jitu linatakiwa lile, lipate sauti.

Nami nafunga. Kimyakimya, kila mwaka. Kama Natesan akipata homa, akiteguka mguu — nani mwingine atakuwa msafi? Simwombei mabaya! Namwombea mafua.

Alamelu peke yake ndiye ajuaye. "Mchezaji wa akiba," kaniambia jioni hii, "wali wako nimempa ng'ombe. Ng'ombe kakushukuru."

Ijumaa, 17 Mei

Rukku aliingia kwa mlango wa uani Alamelu akichuja kahawa ambayo mimi sinywi. Hakukaa.

"Shemeji, siku ile si Bwana aliyeshuka. Ni sukari iliyoshuka."

Nikamuuliza sukari gani.

Natesan ana kisukari. Mwaka wa tatu sasa! Anajidunga sindano tumboni, mlango umefungwa, kijiji hakijui, kwa sababu mgonjwa hapewi kinyago. Daktari alimwambia waziwazi: ukifunga hivi na sindano juu yake, utalala usiamke. Hajala tangu juzi. Leo asubuhi kamwita Rukku kwa jina la mama yake.

"Mwambie mzee anaumwa," nikasema.

"Atakana. Na watamwamini yeye, wote wanataka kumwamini. Lakini wewe ukisema umemwona anakula, kinyago kimeondoka. Akishakikosa atakula, hana cha kufungia tena."

"Kwa nini mimi?"

"Mimi akinichukia nitakwenda wapi? Wewe hakupendi sana hata sasa."

Alamelu alicheka, halafu akaziba mdomo kwa ncha ya sari.

Nilikwenda kwanza kwa Natesan mwenyewe. Na ndizi mfukoni. Alikuwa ameegemea ukuta, midomo mikavu, mikono baridi. Nikammenyea.

"Kula, mdogo wangu. Nusu tu. Sitamwambia mtu."

"Kaka Seshu. Umekitaka kinyago hiki tangu baba yangu alipokuwa anakivaa. Usinijie na ndizi."

Kweli tupu.

"Utakufa, Natesan."

"Mungu akishuka anataka nafasi," akasema, taratibu, kama anayesinzia. "Mwili nimepewa wa nini kingine? Auchukue."

Hata maneno hayo nilimwonea wivu. Mimi singeyapata hata nikifunga mwezi.

Ndizi nikaiacha pale kwenye mkeka. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Subbaraman, kabla miguu haijabadili nia, nikasema nimemwona Natesan anakula. Idli mbili, vitumbua vyetu vya mvuke, na chatne. Sijui chatne ilitoka wapi! Uongo ukishaanza unatafuta kitoweo wenyewe.

Mzee akanisogelea:

"Na wewe umekula?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano jioni."

"Jitu halifungi."

"Najua, mzee wangu."

"Kwa hiyo Jumatano ulishajua kwamba Ijumaa Natesan atakula."

Nimwambie nini? Kwamba nafunga kila mwaka kwa wivu tu, bila mpango wowote? Ndiyo kweli yenyewe, na ni mbaya kuliko uongo.

Ijumaa hiyohiyo, alasiri

Naandika nikiwa chumba cha pembeni, hekaluni. Kijiji kizima kimeshajua. Bibi yule wa yowe kanipita kafunika pua. Mtu nisiyemwona kasema nje ya dirisha, "Ndiyo maana jitu linamfaa." Kasema kwa sauti, nisikie.

Natesan kaja, kashikiliwa bega na Rukku. Kakana. Kaapa kwa kichwa cha mama yake. Bado hajala, na hatakula mpaka neno hili liishe! Ndizi yangu kairudisha, imekuwa nyeusi. Rukku alikuwa anamhesabia pumzi.

Mzee kaamua: nitaapa. Mkono wangu juu ya kinyago, mbele ya watu. Nikiapa kwamba nilimwona, nakivaa mimi usiku huu, na mzee mwenyewe ataimba jitu — sauti bado anayo. Nikisita, Natesan anakivaa.

Kuapa uongo mbele ya Narasimha! Yule mwenye kazi moja tu, kuwapasua tumbo wenye kiburi. Na tumbo langu hili, halihitaji kutafutwa.

Hilo ningelimudu. Kinachonitesa ni kingine. Bado nakitaka. Hata sasa, na Natesan anayumba pale nje, nimekitazama mlangoni kimevishwa maua, macho yale makubwa, manyoya, ulimi mwekundu — moyo ukaruka kama wa mtoto. Nimejitafuta ndani nione huruma inaishia wapi na wivu unaanzia wapi. Sioni mpaka. Kama ningekuwa sikitaki, ningeapa mara moja na kulala salama.

Alamelu kaniletea nguo safi. Nikamuuliza: ukinitazama, unamwona mtu anayemwokoa nduguye, au unamwona mwizi?

"Namwona mtu mwenye njaa," kasema, akinifunga nguo kiunoni. "Nenda. Wanakungoja."

Wameita jina langu. Sijainuka. Wameita tena. Kutoka hapa nawaona: mzee na kinyago, watu wote wamenyoosha shingo, Natesan amesimama kwa ubishi tu, mguu mmoja hauna nguvu. Rukku yuko nyuma yake kamshika kwa mikono miwili. Hamtazami mumewe. Ananitazama mimi — naweka kalamu, nainuka.