Mzee Nsiah Alitaka Kurudi Nyumbani

MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU UGOMVI WA WODINI
Jina: Yaw Dwumfour. Umri: miaka 46. Kazi: fundi redio. Makazi: Suame, Kumasi.

Natangaza rasmi, mbele ya serikali na wananchi wote, kwamba kiti cha plastiki cha wodi ya wanaume kimevunjika, na aliyekivunja si mimi. Mimi nilikuwa kitandani, mguu wenye plasta umening'inizwa kwa kamba.

Mnamo tarehe 9 Machi asubuhi, jirani yangu wa kitanda, Mzee Nsiah, aliniambia, "Fundi, haya mapafu yamekwisha. Wakiniuliza, nitasema wanirudishe nyumbani. Nife nikisikia kuku wangu wakigombana."

Nikamwambia, "Na wasipokuuliza?"

"Mimi ndiye ninayekufa. Watamuuliza nani, wewe?"

Saa nane mchana daktari aliwaambia jamaa zake kwamba mpira wa kupumulia ungemwongezea siku chache, lakini haungemponya. Akataka jibu. Mkewe, Mama Pokuaa, alikuwa na binti yao kwenye simu, muuguzi huko Uholanzi, sauti juu, wodi nzima tunasikia. Binti akasema, "Baba, unataka mpira au unataka nyumbani?"

Hapo Mzee Boadu, mkuu wa ukoo wa mgonjwa kwa upande wa mama, akaja juu. "Huko kwenu mtu anaulizwa kufa kama anavyoulizwa chai au kahawa?"

"Huku anaulizwa mwenye mwili, babu."

"Mwili ni wa ukoo! Unataka watu waseme tumemtoa hospitali ili afe?"

Mama Pokuaa akasema, "Wiki tatu namwosha mimi. Huo ukoo sijauona hata na kitambaa."

Mzee Boadu akaikamata simu. Mama hakuiachia. Wakavutana mpaka wakaangukia kiti, simu nayo ikapasuka.

Mzee Nsiah alikuwa ameinua mkono. Nilimwona. Nikapiga kelele, "Jamani, anataka kusema! Muulizeni!"

Mzee Boadu akanigeukia. "Wewe mguu, nyamaza."

Daktari alifuata neno la mkuu wa ukoo. Mpira ukaingizwa kooni, na tangu hapo Mzee hakuweza kusema tena. Aliishi siku nne. Alikuwa ananitazama. Nikawa namsimulia habari za kuku wake, ambao siwajui hata mmoja. Nikawapa na majina.

Niliyoyaona ni hayo. La kuongeza sina. La kupunguza, ningependa kuwa nalo.

Sahihi: Y. Dwumfour

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu. Mama Pokuaa ameondoa malalamiko yake kuhusu simu. Yeye na Mzee Boadu hawakuweza kufika kituoni. Wanasimamia matengenezo na upakaji rangi wa nyumba ya marehemu kwa ajili ya wageni wa mazishi. Marehemu bado yumo mochwari. Atapelekwa nyumbani rangi ikikauka.

Koplo E. Amankwaah