Simu Yako Itakaponyamaza

Dada Pendo,

Shikamoo. Mkono umekuamkia wenyewe, kabla sijakumbuka kwamba hutaitika.

Nimeolewa, dada. Nimeolewa na Elias, yule mwenyekiti wenu wa wanafunzi kwenye chama cha wahasibu, uliyekuwa ukimcheka kwamba anavaa tai hata akienda kununua dagaa. Bado anaivaa. Kila asubuhi hapa Mkolani ananiomba nimfungie, ingawa kufunga anajua, na mimi najifanya sijui kwamba anajua. Ninampenda mpaka naona haya, kwa sababu njia iliyomleta kwangu ilipita kaburini kwako.

Siku ulipomwambia baba kuwa unajiunga na chama, alikuuliza, "Kujuana na watu nako siku hizi kunalipiwa?" Ukamjibu kuwa hao ni watu waliokutangulia kazini, na mwanafunzi asiyewajua anamaliza chuo akiwa mgeni. Baba alicheka mpaka akakohoa. Aliacha kucheka pale mwanachama mmoja, mama mkaguzi wa hesabu, alipokupokea ofisini kwake kwa mafunzo ya vitendo, wakati wenzako wa darasani wakizunguka mjini na bahasha za maombi. Jioni ulinifundisha usaili kama mlivyofundishwa kwenye semina: mgongo wima, mikono itulie. Mimi nilikuwa mwajiri. Hukuajiriwa hata mara moja, kwa kucheka kwetu.

Kisha figo zako zikagoma.

Siku ya kukuzika Magu, wenzako wa chama walishuka kwenye lori na mashati yao meupe. Ardhi ilikuwa imekauka kama tofali. Vijana wa kijijini wakawatania, "Nyie watu wa kalamu, jembe mtaliweza?" Wakachimba. Elias aliitia tai mfukoni, akachimba mpaka viganja vikachubuka, na mimi niliyemletea maji ya kunawa sikujua kama nalia kwa ajili yako au kwa ajili ya mikono ile. Baba alisimama pembeni akiwatazama.

Simu yako ninayo. Kila wiki chama kinatuma ujumbe: "Ndugu Pendo, unakumbushwa semina ya Jumamosi." Elias angeweza kuiondoa namba yako kwenye orodha ya chama zamani, lakini nilimkataza. Simu ikilia, kwa muda mfupi upo, una semina, unachelewa.

Sasa nimepata nafasi chuoni, cheti cha uhasibu. Niliogopa kumwambia baba. Nilidhani ataona nakalia kiti chako hata hakijapoa. Jumapili nikajikaza, nikamweleza, nikataja na chama. Aligeuza macho upande ule ulikolala.

"Jiunge mapema," akasema. "Hao watu nawajua."

Basi nimemwambia Elias aiondoe namba yako, aandike yangu. Akaniuliza kama nina hakika. Sina. Lakini Jumamosi hii ujumbe utakuja kwangu, na simu yako itakaa kimya kabatini. Nitaendelea kuichaji.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi nitawahi semina, nitakaa mbele ulikokuwa unakaa. Mgongo wima. Mikono nitajitahidi itulie.

Mdogo wako,
Rehema