Ile Zero Ni Yangu

Alhamisi, jioni. Mawingu yamepita juu ya Kamenge, mtaa wa shule yetu, bila kuacha hata tone. Limebaki joto.

Kesho asubuhi, baada ya kupandisha bendera, nitaulizwa swali moja mbele ya walimu wote. Nikijibu kweli, Mwalimu Nestor anaweza kufukuzwa kazi.

Mimi ni karani wa shule. Ofisi yangu na darasa lake la fizikia vinatenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo nasikia kila kitu, hata nisipotaka. Jumatatu nilimsikia akiingia. Akawaambia wanafunzi:

"Lile somo la umeme, nimewafundisha vibaya. Mi mwenyewe sikuelewa. Jana nimeenda kuuliza mwenzangu, akanionyesha. Zero zote mulizopata nazifuta. Ile zero ni yangu."

"Mwalimu, hata wenye kutuletea umeme hawaelewi!" mmoja akapiga kelele. Darasa zima likacheka, na yeye akacheka. Halafu akafuta ubao, akaanza upya.

Karibu na kengele nikasikia sauti ya msichana: "Asante, Mwalimu. Mi nilifikiri ni kichwa yangu ndio mubaya."

Niliacha kazi niliyokuwa nayo mkononi.

Lakini watoto husimulia nyumbani. Jana baba mmoja, mtu mzito, alikuja kumuuliza Direkteri, mkuu wetu wa shule, kama shule yetu inaajiri walimu wasiojua. Walimu wengine nao wamekasirika, maana sasa wanafunzi wananyoosha vidole: "Mwalimu, na wewe hujakosea?"

Leo Direkteri akaniita.

"We unakaa pale pembeni. Alisema haelewi somo, ao hakusema?"

"Alisema, Bwana Direkteri, lakini..."

"Apana. Hiyo lakini ubaki nayo. Kesho utasema alisema, basi, unakaa."

Nikaitikia kwa kichwa.

Mkataba wangu unaisha muhula huu, na yeye ndiye anayesaini. Hapa nyumbani Cibitoke, mtaa jirani, mama na wadogo zangu wanategemea kazi hii.

Nimefikiria kukana. Siwezi, darasa zima lilisikia. Na nikisema alisema, nitakuwa nimesema kweli, na kweli hiyohiyo ndiyo watakayomwondoa nayo. Sijui niseme nini. Sijawahi hata kumwambia mtu neno hilo, sijui. Direkteri akiniagiza kitu nisichokielewa, naitikia kwa kichwa, kisha naenda kubahatisha.

Mchana Mwalimu Nestor alipita kuchukua chaki.

"Mudogo wangu, haraka ya nini? Utavunja chaki zote."

Nikajaribu kucheka.

"Nimesikia watakuuliza," akasema. "Waambie tu yenye ulisikia. Mi sina wasiwasi."

Hajui kwamba nimeruhusiwa nusu tu ya niliyoyasikia. Sikumwambia. Akaenda zake, anapiga mluzi.

Nimefunga mlango wa chumba changu, nimerudia maneno ya Mwalimu na ya yule msichana kwa sauti. Mama ameuliza kutoka uani naongea na nani. Hapa yanatoka vizuri, yote, mpaka mwisho.

Kesho bendera itapanda, watanigeukia, nitasema: alisema.

Halafu? Nitabaki nimesimama nimalizie, ao nitakaa?