Shati la Mkono Mmoja

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Nyakach sote wazima, na babako amepona kikohozi. Unaniuliza kama ni wazimu kuacha benki ukasomee kutibu mifugo. Nimesoma barua yako nikapiga kigelegele jikoni, peke yangu!

Miaka ya themanini nilikuwa fundi cherehani mjini, mtaa wa Kaloleni. Nilikuja nyumbani wikendi moja, nikawa namshonea babako shati la shule, ndipo ng'ombe wa jirani akashindwa kuzaa. Wanaume walikuwa wamefunga kamba mguu wa ndama uliotokeza, wanavuta tu. Nikapiga kelele, "Ngojeni!" Mzee mmoja akafoka, "Mama, hii si mambo ya cherehani!"

Nikapaka mkono sabuni, nikauingiza. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umekunjika nyuma, kama mkono wa shati uliorudi ndani likivuliwa. Hiyo kazi naijua! Nikaukunjua polepole. Ndama akateleza nje, akapiga chafya, tukacheka sote, hata yule mzee.

Jumatatu sikurudi Kaloleni. Nilimfuata daktari wa mifugo, nikambebea mkoba mpaka nikajifunza.

Lile shati liko sandukuni, lina mkono mmoja mpaka leo. Babako bado analalamika.

Nyanyako anayekushangilia