Taa za Ukungu na Ziara ya Mama Mkwe

Jumatano, asubuhi. Jua limetoka mapema mno, kana kwamba kuna mtu limetumwa kumcheka.

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba taa mbili za ukungu, zilizofungwa mbele ya pikapu yetu na mikono yangu mwenyewe isiyo na cheti, ziligoma siku tatu.

Ningecheka, lakini mke wangu Nekesa hupanda milima ya Dundori alfajiri kuchukua viazi. Wiki jana ukungu ulikuwa mzito hata nusura amgonge mzee wa baiskeli. Alisikia kengele kabla ya kuona mtu. Jana akaniambia, "Kesho naenda. Ziwake, zisiwake."

Nilibadilisha fyuzi. Nikabadilisha swichi. Nikawalaumu panya, nikatega mtego kwenye injini, ukanasa kidole changu. Ajabu ni kwamba moto wa betri ulikuwa ukifika hadi kwenye taa, testa ya umeme ilionyesha. Taa zenyewe kimya, kama wakwe waliokosewa.

Jana alasiri niko chini ya gari, kaptula imeraruka, miguu nje, nikasikia sauti ya mama mkwe langoni akisalimiana na Nekesa.

Nilishtuka hadi nikagonga kichwa kwenye ekzosi.

Kwetu Waluhya, mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hata mkono hatupeani. Nikavuta miguu ndani polepole kama kobe. Yeye naye, kwa adabu, akajifanya haoni kitu. Akagonga bampa kwa kidole. Mama huyu huuza ndoo na beseni za plastiki sokoni.

"Nekesa, muulize Baba Neema wako. Bampa si ilikuwa ya chuma? Hii inalia kama ndoo zangu."

"Tulibadilisha, mama, baada ya kugonga yule ng'ombe."

"Hii si bampa. Hii ni beseni."

"Amesikia, mama."

"Nani amesikia? Mimi sijaona mtu."

Nikaipapasa bampa kwa chini: plastiki tupu.

Waya mweusi, ule wa kurudisha moto kwenye chuma cha gari, nilikuwa nimeufunga palepale pa zamani: kwenye bolti ya bampa. Moto ulifika kwenye taa, ukakosa njia ya kurudi. Siku tatu nzima, mimi fundi wa kujifundisha, nilikuwa nikisaka umeme ndani ya beseni.

Nikauhamishia waya kwenye bolti ya chesisi, fremu ya chuma ya gari. Swichi nilikuwa nimeiacha imewashwa. Taa zikalipuka kwa mwanga, moja kwa moja kwenye sketi ya mama mkwe.

Hakuruka. Akauambia upepo, "Sawa. Sasa mtu amwambie avae suruali."

Nakiri sikulala vizuri. Aibu ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa ile bolti: je, nimeikaza? Nekesa alipoondoka nilisimama langoni nikisikiliza gari hadi likapotea.

Amerudi sasa hivi, mzima, na magunia sita. Nikamuuliza taa zimemfaa vipi huko juu.

Hakuziwasha. Hakukuwa na ukungu.