Mto Nimeurudisha Dukani

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa mpwa wako.
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa mdogo wangu Kiroboto,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana nyuma yake kuna maneno. Hujambo? Kifua kimetulia? Mara ya mwisho kwenye simu ulikuwa unakohoa kama gari bovu, ukajifanya ni mtandao. Vaa ile sweta niliyokufumia, hata kama wenzako kazini wanaicheka rangi yake. Wifi yangu naye mguu umepona? Mwambie asiuchoshe kwa ngazi.

Sisi huku wazima. Mpwa wako mzima, mumewe mzima, watoto wanakula kama wamefunguliwa. Mimi ni mzima kuliko wanavyotaka niwe, na hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu badala ya kukupigia. Kwenye simu ungenikatiza. Kwenye barua huna pa kunikatizia.

Nasikia umetoa hukumu. Nasikia mpwa wako alikupigia akakuuliza kuhusu ile mashine ya gemu uliyoniachia, nawe ukajibu ukiwa huko huko ulipo, bila kuniuliza mimi niliyelala nayo chumba kimoja miaka yote hii: "Uzeni tu, ya zamani hiyo. Mtafutieni dada kitu cha kumfaa." Asante sana. Kimenifaa kweli.

Acha nikueleze ilivyokuwa, usije ukasikia kwa wengine ikiwa imepigwa pasi.

Huyu mwanangu, mpwa wako, alipata wageni kutoka ofisini kwake, watu wa suti na sauti za chini. Mimi nilishawasalimia vizuri, nikarudi chumbani nikafunga mlango. Unajua ule mchezo wetu wa mieleka, na unamjua Bonge, mpiganaji wangu wa kaptura ya kijani. Siku hiyo Bonge alikuwa amekabwa vibaya, nikajisahau. Kule sebuleni, katikati ya mazungumzo ya bajeti, wageni wakasikia sauti ya mama wa mwenye nyumba ikipiga kelele, "Mbane shingo! Mvunje mgongo huyo, asinyanyuke!"

Wageni walipoondoka mwanangu alikuja kusimama mlangoni. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema kwa upole ule wanaotumia manesi kwa wagonjwa, "Mama, watu wanaona. Umri wako ni wa kupumzika." Nikamuuliza nikipumzika nitakuwa nafanya nini. Inaonekana ndipo akakupigia wewe.

Jumatatu nilikwenda kununua nyuzi. Niliporudi, meza ndogo ilikuwa tupu. Mashine haipo, nyaya hazipo, vishikio viwili vya kuchezea havipo, na ile safu ya maboksi ya gemu pembeni ya dirisha haipo. Juu ya kitanda changu kulikuwa na mto mkubwa wa kijivu ndani ya nailoni, wenye waya wa umeme. Mto wa kukanda mgongo. Ukiuegemea unatetemeka. Walikuwa wamepeleka mashine yangu kwenye lile duka linalonunua na kubadilisha gemu na vyombo vya umeme vilivyotumika, wakachukua mto.

Kiroboto, nilikaa kitini nikautazama ule mto, nikalia kwa hasira. Nakwambia wazi kwa sababu wewe ni damu yangu. Tangu nihamie hapa, sahani ni zao, mapazia ni yao, na nikitaka kusogeza kiti lazima niulize. Vyangu vilikuwa cherehani na mashine ile. Kumbe mtu anaweza kuingia nikiwa sipo, akachagua kipi kibaki na kipi kiende. Leo mashine, kesho cherehani. Siku nyingine labda nitarudi nikute mimi mwenyewe nimebadilishwa kwa kabati.

Sikulala kwenye ule mto. Hata nailoni sikuivua.

Sasa hapa ucheke kidogo, maana mimi nilicheka. Wale wajanja walibeba maboksi bila kufungua hata moja. Wewe hujui, lakini yale maboksi ya plastiki yananiumiza dole gumba, yanabana kama mdomo wa mbwa. Kwa hiyo nilishashona vifuko vya vitambaa vilivyobaki kazini, kila diski na kifuko chake. Mieleka iko kwenye mahameli nyekundu ya pazia la kanisa, mpira kwenye kitambaa cha sare za shule, mbio za magari kwenye bitana ya gauni la bibi harusi. Vinaning'inia kwenye msumari karibu na cherehani, na mwanangu anavipita kila siku akidhani ni vya kuwekea sindano. Pale dukani wakafungua boksi la kwanza, tupu. La pili, tupu. Mstari mzima wa watu nyuma yake unatazama mwanamke aliyevaa vizuri akiuza hewa. Alirudi akiamini nimemtega. Sikumtega. Ila sikusikitika pia.

Kesho yake nikavaa viatu vya kutokea, nikaenda. Ni duka jembamba lenye rafu hadi darini, kila gemu ina kibandiko, na kwenye kaunta kuna mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Wateja wanamwita Dada Miwani naye anaitika. Nikamwambia nimefuata mashine yangu. Akaniambia aliyeileta alisema ni ya mjomba wake aliyeko mbali, na mjomba ameruhusu.

Ndipo nilipojua nawe umo.

Dada Miwani si mtu mbaya. Alinieleza kwamba kitu wakishakinunua hukaa wiki nzima chumba cha nyuma kabla hakijapandishwa rafuni, kwa sababu watu huleta vya wizi. Akainama, akashusha sauti.

"Mama, hebu niambie kitu kimoja. Imeibiwa au imeuzwa? Ikiwa imeibiwa, naita polisi, unaandikisha maelezo, unaondoka nayo. Ikiwa imeuzwa, ni ya duka."

Neno lenyewe dogo, lilikuwa limeshafika ulimini. Mashine ilikuwa nyuma ya mlango wa chumba kile, ulioachwa wazi kidogo, naiona kona ya kile kifuniko nilichoishonea. Ningesema tu "imeibiwa" ningetoka nayo kwapani. Lakini ningekuwa nimemwita mwanangu mwizi mbele ya mtu wa dukani, na jina la aina hiyo ukishamvika mtu halivuliki.

Nikasema, "Haikuibiwa. Imeuzwa na mtu ambaye si yake."

"Hiyo kwetu haipo, mama."

"Basi iwekeni, maana kwangu ipo."

Akacheka, lakini akaniambia njia. Ukishabadilisha kitu unaruhusiwa kurudisha ulichochukua na kupewa chako ndani ya ile wiki, mradi ulichochukua hakijatumika, na aje yule yule aliyebadilisha. Nikamshukuru, nikatoka. Nailoni ya mto ilikuwa bado haijaguswa. Ukaidi wangu umenisaidia, weka hilo moyoni.

Kilichobaki kilikuwa kumfikisha mwanangu pale, naye alikuwa ameapa hatakanyaga tena duka lile baada ya aibu ya maboksi. Aliniambia, "Mama, nakununulia mpya, nzuri zaidi." Nikamwambia sitaki mpya. Akasema, "Hata mjomba mwenyewe amekubali." Nikamwambia mjomba atakubali akiulizwa kuhusu vitu vya mjomba.

Nikafunika cherehani. Nikasema sitashona hata kifungo mpaka mashine yangu irudi mezani. Shule zinafunguliwa, sare za wajukuu ziko juu ya meza na pini zake. Suruali ya mkwe imefumuka pindo. Nilisikitika kwa ajili ya watoto, lakini sikulegea. Mkwe wangu, Mungu ambariki, alijitafutia njia. Alikwenda kazini na pindo lililobanwa kwa stepla, na alipokuwa akipita mlangoni kwangu alinikonyeza. Sijui alikuwa upande gani, ila ule ukonyezo nimeuhifadhi.

Jioni mwanangu akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia yote ya dukani. Nikamwambia, "Nilipewa neno la kukuitia, nikaliacha pale pale kaunta. Lakini usidhani na mashine nimeiacha." Alitazama vile vifuko msumarini muda mrefu. Akauliza ni kweli ndimo zilimo diski. Nikamwambia kama angeuliza kabla ya kubeba asingeaibika. Akalia, nikamwacha alie kidogo, kisha nikamfuta uso kwa mahameli ya mieleka, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Asubuhi tukaenda wote, yeye amebeba mto, mimi nimebeba diski. Alitembea ameinamisha kichwa kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu mkuu. Dada Miwani akaukagua ule mto pande zote, akavuta miwani, akamtazama yeye, si mimi.

"Mara ile ulisema ni ya mjomba. Leo nimrudishie nani? Mashine ni ya nani?"

Kulikuwa na watu nyuma yetu, pengine wengine ni wale wale waliomcheka. Mwanangu akainua kichwa.

"Ya mama," akasema. Halafu, kana kwamba haikutosha, akasema kwa sauti, "Ni ya mama, na maboksi yalikuwa matupu kwa sababu diski anazo yeye. Mimi ndiye sikujua."

Mdogo wangu, hata siku anapokea cheti cha chuo sikumwonea fahari namna ile.

Sikukubali kuondoka bila kuijaribu. Nilitaka iwashwe pale pale kwenye televisheni yao ya dukani. Dada Miwani akachomeka nyaya, akachukua kishikio cha pili, akasema hajawahi kupigana na mteja mwenye miwani mizito kuliko yake. Nilimtupa nje ya ulingo mara mbili. Waliokuwa kwenye mstari wakapiga makofi, na nikasikia nyuma yangu mtu akipiga kelele, "Mbane shingo, Mama! Mbane!" Nikageuka. Alikuwa ni mpwa wako, yule mwenye wageni wa sauti za chini.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Tulipomaliza nikafungua orodha ya mabingwa, kama ninavyofanya kila siku. Haikuwa na kitu. Dada Miwani akaniambia kwa huruma kwamba mashine yoyote inayoingia dukani husafishwa siku hiyo hiyo, na kila kilichohifadhiwa ndani hufutwa, wasije wakauza mambo ya mtu kwa mtu mwingine. Ushindi wangu wote umefutika. Hilo najua kulitengeneza. Lakini pale juu kabisa, tangu usiku ule wa mwisho kabla hujasafiri, palikuwa na jina KIROBOTO. Nimehangaika miaka kulishusha na sijaweza. Kila nikiwasha nilikuwa nakuona umekaa pale juu, unaringa, nami nakwambia, "Umeamkaje, mpumbavu wewe?" Ndivyo nilivyokuwa nakusalimia siku ambazo hukupiga simu, na zimekuwa nyingi.

Halipo tena. Si mpwa wako aliyelifuta, yeye alifuata ruhusa. Umelifuta mwenyewe kwa mdomo wako. Nilipolijua hilo nikaifunika mashine kwa kifuniko chake, nikaondoka.

Lakini sikukaa nalo. Siku unaondoka ulisema, "Dada, kaa nayo." Nimekaa nayo. Nimeipangusa vumbi, nimeishonea kifuniko, nimeikomboa kwa mto ulioletwa ili nitulie. Kuanzia sasa ukiulizwa, jibu ni moja: si yangu, ni ya dada. Na ukisikia kelele kwenye simu, ni mpwa wako. Siku hizi anachukua kishikio cha pili baada ya kazi, anapigana vibaya na kwa hila, kama wewe. Sare za watoto zimekwisha. Pindo la mkwe nalo nimelishona, na stepla zake nimemrudishia kwenye bahasha.

Nisalimie wifi yangu, na wanangu wote wawili, yule mrefu na yule mwenye maswali. Nisalimie na jirani yenu anayekupelekea dawa ya kikohozi. Mkwe wangu anakusalimu, wajukuu wanakusalimu, mpwa wako anakusalimu kwa sauti ndogo. Mungu akulinde kazini na barabarani, akupe afya na likizo ndefu.

Leo nilipowasha nimeangalia tena ile orodha. Nafasi ya pili nimeandika jina langu, DADA, na ya tatu yupo mpwa wako. Ya kwanza nimeishinda mimi pia, ila pa jina nimepaacha wazi, na nimemkataza kila mtu ndani ya nyumba hii asiiguse. Haijazwi kwa simu, Kiroboto. Njoo uichukue kwa mikono yako, uone kama nitakubali.

Mimi nikupendaye, wala sikuogopi,
Dada yako mkubwa.